Namna ya kukusanya vitu vya zamani vya mupira hapa Lubumbashi, na namna ya kuvionyesha kwa wenzako

Vijana wengi wananiuliza mutu anaanzia wapi kukusanya vitu vya zamani vya michezo, maiyo (jezi za kuchezea), faniyo (vile vibendera vya pembe tatu ekipe zinapeana mbele ya mechi), tikiti, foto za ekipe, medali, karte za wanachama, na wengi wanafikiri ni mambo ya wazungu wenye pesa, hapana, hapa kwetu mali ile iko mu masanduku ya wazee, mu komine za Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, mu makambi ya Gécamines (kampuni ya migodi) na ya reli, na kila mwaka masanduku yanachomwa pamoja na takataka juu muzee amekufa na watoto hawajui ile foto ni ya nini. Njo maana naandika hii.

Nitasema jambo moja kwanza, na yote mengine yatatokea pale: kitu kisichokuwa na habari yake ni kitambaa tu. Maiyo ya zamani bila kujua nani aliivaa, mechi gani, ilitoka nyumba gani, ni nguo imechakaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko kununua, ni kuandika. Nunua kaye (daftari) ya kurasa mingi, yenye kava ngumu, mbele ya kununua kitu chochote.

Halafu chagua njia moja. Mutu akitaka kukusanya kila kitu cha michezo duniani atajaza chumba na hatajua kitu ata kimoja. Hapa njia iko wazi kabisa kwa mutu wa Lubumbashi, tuko na ekipe mbili zenye historia ndefu, zote mbili zilizaliwa 1939. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikti, ikaitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha Englebert, na ile Tout Puissant ikaongezwa 1966 kisha kupata ubingwa bila kufungwa. Lupopo ni Saint-Éloi, ekipe ya cheminots, watu wa reli, manjano na buluu. Unaweza kuchukua moja, ao unaweza kuchukua aina moja ya kitu, mfano tikiti tu, ao foto za ekipe tu, ao faniyo. Mimi nimeshika foto na faniyo, sababu foto inabeba sura za watu na nyuma yake mara nyingi kuna maandiko, na faniyo inabeba rangi na jina la siku ile. Maiyo ni nzuri sana lakini zinadanganya watu kuliko kitu kingine chochote, nitaelezea mbele.

Kama unapenda ekipe ya taifa, kuna milima miwili ya kupanda. 1968 Addis Abeba, wakati ule tunaitwa Lions, tukapiga Ghana 1-0 mu final na tukaleta kombe la Afrika. 1974 Misri, sasa tunaitwa Léopards, Ndaye Mulamba akaweka bao 9 mu shindano moja, na final ilichezwa mara mbili na Zambia, ya kwanza 2-2, ya pili 2-0, bao zote mbili zake. Mwaka ule ule tukaenda Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi. Watu wanakumbuka tu 9-0 ya Yougoslavie, lakini mutu wa Lubumbashi anapaswa kujua kwamba Kazadi Mwamba mu goli, Mwepu Ilunga na Bwanga Tshimen walikuwa wachezaji wa Mazembe, na Bwanga alikuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Hii inamaanisha vitu vya 1974 vinaweza kutokea mu parseli ya hapa hapa, haiko lazima uende Kinshasa. Na usisahau Zambia, final ile ni yao pia, ukipita mupaka wa Kasumbalesa na uko na ndugu Ndola ao Kitwe, omba waulize mu nyumba za wazee, gazeti za Machi 1974, foto, vyote vinakuwa huko.

Sasa mahali pa kutafuta.

Nyumba za wazee zinapita soko zote. Lakini usiende mikono mitupu na usiende peke yako mara ya kwanza, tafuta mutu anayejulikana mu familia ile, muzee wa kanisa, jirani, mutoto wa ndugu yake. Ukifika unasalimia kama mutoto, "Jambo papa, habari ya nyumba, habari ya afya", unakaa, unakubali maji ao chai, na unasema wewe ni mutoto wa nani, wa kartie gani. Usitaje bei. Ata usitaje neno kununua. Sema, "Papa, nimekuja kusikiliza habari ya mupira wa zamani, wanasema wewe ulikuwepo." Muzee ataongea, na akianza kuongea mwenyewe ataita mutoto, "lete ile envelope iko chini ya kitanda." Ukianza na pesa, envelope haitoki, ao inatoka na bei ya nyumba.

Na mara nyingi muzee hatataka kuachia. Hapo omba tu ruhusa ya kupiga foto ya kile kitu kwa telefone, mbele na nyuma, na kurekodi sauti yake akikielezea. Hii iko kukusanya pia, mimi naiheshimu kuliko kununua. Halafu toa kopi moja, ipeleke kwa muzee mu karatasi, iliyotoka vizuri kwa foto-studio, atafurahi na mlango utabaki wazi, na siku moja yeye mwenyewe ataita.

Kama papa amekufa na mama ndiye anakuonyesha, ongea na watoto pia mbele ya kuchukua kitu. Nimeona familia zinagombana miaka mingi juu ya medali moja. Mama anakubali asubuhi, mutoto wa kwanza anarudi jioni kutoka Likasi anasema papa alimwachia yeye. Weka wote pamoja, wakubali wote, andika mu kaye majina yao na tarehe, watie sahihi. Kama hawajakubaliana, acha kitu pale, rudi siku ingine.

Mahali pa pili ni tombola, nguo za mitumba. Bamama wa tombola soko ya Kenya wanafungua balo asubuhi, na ndani ya balo kunatoka maiyo za ulaya na Marekani, za miaka ya 80 na 90, zimevaliwa na mutu wa Milano ao wa Manchester kisha zikatupwa, na sisi tunazivaa kazini. Zoea mama mumoja ao wawili, nunua kwao ata vitu vya kawaida, uwaambie unatafuta nini, uwaonyeshe foto ya alama yenyewe, watakuwekea pembeni. Basketi pia inatokea, maiyo za fabrike Champion za miaka ya 90, na ukiona Denver ao Atlanta namba 55 simama hapo, ile ni ya Dikembe Mutombo, mwana wetu wa Kongo aliyecheza NBA, alichezea Denver kuanzia 1991 mpaka 1996 kisha Atlanta. Angalia chini ya mkono na shingo, kwa kuwa bamama mara ingine wanakata ao wanashona ili ipate umbo ya mutoto, na hiyo imekwisha.

Mahali pa tatu ni watu wa foto, wale wazee waliokuwa na studio. Wako na negativu mu makopo, na wengine wanazitupa. Hii ni ya haraka, kama unajua mumoja, nenda wiki hii.

Namna ya kujua umri wa kitu, hapa tutakaa kidogo kwa sababu ni sehemu yenye utamu, na sisi Wakongo tuko na bahati ambayo wengine hawana: nchi yetu na miji yetu ilibadilisha majina mara nyingi, na kila jina limeacha tarehe juu ya karatasi. Ukiona Elisabethville, kitu kilichapishwa mbele ya 1966. Lubumbashi, ni 1966 kuendelea. Jadotville ikawa Likasi mwaka ule ule. Ukiona Zaïre, ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Ukiona Shaba kama jina la jimbo, iko mu kipindi kile kile cha Zaïre, mbele na nyuma yake ni Katanga. Medali ao kombe ndogo yenye maandiko U.M.H.K. ni ya Union Minière, kampuni ya migodi, kwa hiyo mbele ya serikali kuitaifisha mwanzo wa 1967, kisha hapo ni Gécomin na baadaye Gécamines. B.C.K. ni jina la zamani la reli. Majina ya watu pia: 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, kwa hiyo orodha ya wachezaji yenye Pierre, Joseph, Léon mara nyingi ni ya mbele, na ile ya Kalala Mukendi, Mwepu Ilunga, bila jina la padri, ni ya kisha. Ekipe ya taifa ikiandikwa Lions, ni miaka ya 60. Mutu akikuletea foto "ya 1955" yenye stempu ya studio ya "Lubumbashi", inaweza kuwa kopi ya baadaye ya foto ya kweli, haiko lazima iwe uongo, lakini haiko foto ya kwanza na bei haiwezi kuwa ile ile.

Englebert peke yake inahitaji angalisho. Englebert ilikuwa fabrike ya pine za magari ya Liège, Ubelgiji, ekipe ilichukua jina pale. Kwa hiyo bamba, sahani ya majivu ya sigara, kalenda yenye jina Englebert inaweza kuwa ya kuuzisha pine tu, haina mupira ndani. Tafuta rangi nyeusi na nyeupe, tafuta neno F.C., tafuta jina la muji. Kama hakuna, lipa bei ya kitu cha pine.

Kujua historia ya mechi kunakulinda pia. Final ya klabu bingwa ya Afrika ya 1967, Englebert na Asante Kotoko walitoka sare mara mbili, 1-1 na 2-2, na mechi ya tatu haikuchezwa, Kotoko hawakufika, tukapewa kombe. Basi mutu akikuonyesha foto ya "mechi ya tatu" ya 1967, rudisha kwa heshima. 1968 tulipiga Étoile Filante ya Lomé 5-0 na tukapoteza 4-1 kwao. 1969 na 1970 tulifika final na tukakosa, Ismaily ya Misri kisha Kotoko. Kwa hiyo vitu vya final zile nne vipo, lakini kombe ni mbili, angalia vizuri neno "champion" limeandikwa wapi na mwaka gani.

Kwa karatasi na foto, vifaa ni viwili tu, lupu (kioo cha kukuzia, ile ya mutu wa saa inatosha) na ile lampe ndogo ya kambisti (mubadilisha pesa), taa ya buluu wanayoangalizia dola. Karatasi nyeupe za zamani, za mbele ya miaka ya 1950, hazina ile dawa ya kung'arisha, kwa hiyo chini ya lampe zinabaki giza ao manjano. Karatasi ikiwaka buluu kali na mutu anasema ni tikiti ya 1939, haiko ya 1939. Kumbuka haifanyi kazi upande ule mwingine, karatasi isiyowaka haithibitishi kitu. Lupu inaangalia vidoti, foto ya kweli iliyosafishwa mu dawa haina vidoti, rangi inaingia polepole kama moshi, lakini foto iliyochapishwa na mashine, ata ikiwa nzuri, iko na vidoti. Geuza nyuma. Zamani karatasi nyingi hapa zilitoka Ubelgiji, zimeandikwa Gevaert, na Gevaert iliungana na Agfa 1964, kwa hiyo Gevaert peke yake ni dalili nzuri ya umri. Dalili, haiko cheti.

Maiyo sasa. Adidas ile ya majani matatu ilianza kuonekana 1972, kwa hiyo maiyo yenye majani matatu haiwezi kuwa ya Englebert ya 1968. Karatasi ya shingo ikisema Made in West Germany, mbele ya Oktoba 1990. Made in Yugoslavia, Made in Czechoslovakia, zile nchi zimekwisha mwanzo wa miaka ya 90. Jina la mchezaji mugongoni kwa Kombe la Dunia lilianza Marekani 1994, mu Uingereza ligi kuu kuanzia msimu wa 1993-94, kwa hiyo maiyo "ya 1982" yenye jina la mchezaji mugongoni, mutu aliliweka baadaye. Maiyo za Nike na Adidas za miaka ya 2000 kuendelea ziko na kakaratasi kadogo ndani chenye kodi, andika kodi kwenye intaneti, itakuambia ni maiyo gani na rangi gani, na kama inatoka kiatu badala ya maiyo, unajua umeshika nini.

Ile ya Zaïre 1974, kijani, na kichwa cha chui kifuani, inatengenezwa upya kila siku duniani na watu wanaiuzisha kama ya kweli. Angalia ndani, ikiwa na karatasi ya kufulia yenye alama nyingi na lugha nyingi, ao barkodi, ni mupya. Kuvaa mupya hakuna ubaya, naivaa mimi, lakini bei ni ya nguo mupya. Ya kweli bila habari ya nyumba ilikotoka, mimi siinunui, ata ikiwa nzuri namna gani. Hivyo hivyo mabango ya Ali na Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Pambano lilipangwa kwanza 25 Septemba, likasogezwa juu Foreman alipasuka juu ya jicho mu mazoezi, kwa hiyo bango la tarehe ya Septemba haliko kosa la mutu aliyelichapa, lakini kopi ziko nyingi sana, za tarehe zote mbili, tumia lupu na lampe.

Na usidharau vitu vya juzi. Mazembe 2010, Kombe la Dunia la klabu, Abu Dhabi, tulipiga Pachuca 1-0, tukapiga Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka, tukacheza final ya dunia na Inter ya Milano, tukiwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Tikiti za safari ile, badge, gazeti, maiyo zenye sahihi ya goli wetu Kidiaba, watu bado wanazo mu droo na bado wanakumbuka vizuri. Ukisubiri miaka ishirini utaanza kuuliza maswali yale yale tunayouliza sasa juu ya 1968 na hakuna wa kujibu. Fanya hii kazi sasa hivi, wahusika bado wako hai, wengine unakutana nao mu bus.

Bei. Hakuna bei ya kweli, kuna wewe na mwenye kitu. Beba dola safi, zisizo na tundu wala alama, munajua wenyewe vile noti yenye kovu inakataliwa, na biashara nzuri inaweza kufa pale pale juu ya pembe imepasuka. Jipangie mbele kiasi usichoweza kupita. Na kama muzee hajui kitu chake ni cha maana na wewe unajua, mwambie. Naisema kwa moyo wote, muji ni mudogo, jina lako litafika nyumba ingine mbele yako.

Kutunza. Hapa ndipo watu wanaua vitu kwa mikono yao, na wanafanya kwa upendo. USIPLASTIFIYE (kufunga karatasi ndani ya plastiki kwa moto). Najua hapa kwetu kila karatasi ya maana tunaipeleka ku plastifiye, diploma, akte ya kuzaliwa, na hivyo mutu akipata tikiti ya 1967 anakimbia avenue pale kwenye mashine. Moto na kole (gundi) vinaingia ndani ya karatasi na havitoki tena milele, kitu kimekufa. Usitie skochi juu ya mupasuko. Usibandike mu albamu zile za kurasa zenye kole na plastiki juu, kole ile inageuka manjano na inakula foto. Usiandike nyuma ya foto na biki (kalamu ya wino), inatokea mbele, andika na kreyo (penseli), polepole, pembeni. Usifunge mu gazeti, gazeti lina tindikali, linaacha rangi. Envelope ya karatasi nyeupe nzuri, kimoja kimoja, inatosha.

Sanduku la chuma ni rafiki, lakini lisikae chini ku saruji, liweke juu ya matofali mbali na ukuta, mchwa wa hapa wanapita mu ufa wa ukuta na wanakula karatasi usiku mumoja. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Machi, usifunge vitu mu sashe ya plastiki imefungwa kabisa, maji ya hewa yanabaki ndani na ukungu unaota. Zile vipakiti vidogo vya chembe vinavyokuja mu karto ya viatu, viweke kando ya envelope. Fungua sanduku siku ya jua, angalia, funga. Kiangazi shida ni ile vumbi nyekundu, funika kitambaa safi juu ya sanduku na ukifuta foto tumia brashi laini, usitumie kitambaa chenye maji.

Maiyo iliyochezewa mechi usiifue. Jasho, udongo, doa la majani, vile ni ushahidi. Ile ya tombola unaweza kufua kwa mukono, maji baridi, sabuni kidogo, bila kukamua, uianike kivulini, na usipige pasi juu ya namba wala juu ya alama. Isitundikwe ku senta (kitundikio cha nguo), mabega yanavutika, ikunje na ubadilishe mikunjo mara kwa mara. Naftalini iwe mu kitambaa, isiguse nguo.

Medali ya shaba watu wanaisugua mpaka ing'ae kwa sababu sisi ni watu wa shaba na tunapenda ing'ae. Acha. Ile rangi ya kahawia ni umri wake, ukiisugua unafuta na maandiko. Tu kama inatoka unga wa kijani, itenge na zingine, iweke mahali pakavu na utafute mutu anayejua.

Sasa kaye. Kwa kila kitu andika namba, ukiiandika pia na kreyo mu envelope. Halafu nani alikupa, kartie gani, tarehe, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, kitu kina makovu gani, ulilipa nini. Kama ni foto ya ekipe, keti na muzee na andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama kwanza kisha waliochuchumaa, na asipojua mumoja andika alama ya kuuliza, usimlazimishe kubahatisha. Peleka foto ile ile kwa muzee wa pili bila kumuonyesha majina ya kwanza. Wakikubaliana, vizuri sana. Wasipokubaliana, andika majibu yote mawili na jina la aliyesema.

Kuonyesha kwa wenzako ni nusu ya furaha, na ni nusu ya kazi pia, juu wenzako njo wanaona kile wewe hukuona. Sisi tunakutana mu parseli ya mwenzetu siku ya mechi, mbele ya kwenda stade, kila mutu analeta kitu kimoja kipya, haleti mali yake yote. Unakiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, chai inakaa meza ingine, unaanza kusema ulikipata wapi na unachojua, na unachofikiri tu unasema "nafikiri". Wazee wanapewa kiti cha kwanza na wanapewa kopi kubwa ya foto ya kuandikia, foto yenyewe haizunguki mikononi. Mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo wanakaa meza moja pale, na tumekubaliana matusi ya stade yanabaki stade, sababu faniyo nzuri kuliko zote ya Saint-Éloi niliyonayo, mutu wa Mazembe njo alinionyesha nyumba iko.

Ukituma foto kwa telefone, piga asubuhi karibu na mulango, bila flashi, bila filtre, mbele na nyuma, weka na rula kando ili watu waone ukubwa. Onyesha tundu na doa kwanza. Usitaje nyumba ya muzee, wala avenue, wezi wanasoma pia. Omba ruhusa ya familia mbele ya kuonyesha sura ya marehemu wao, na kama jina la mupiga foto liko nyuma, litaje.

Nitawaonyesha yangu ya karibuni ili muone namna. Ya kwanza, foto ya ekipe ya shule, vijana wamechuchumaa na mupira wa ngozi wenye kamba, nyuma stempu ya studio na Elisabethville, karatasi Gevaert, majina na kreyo, mawili yamefutika. Najua ni mbele ya 1966, mupira ule wa kamba unaisogeza nyuma zaidi, shule sijaitaja mpaka muzee wa pili aseme. Ya pili, faniyo ya manjano na buluu, hariri, uzi wa pembeni umefumuka, imetoka kwa binti wa mufanyakazi wa reli, ndugu zake wote walitia sahihi mu kaye. Haina mwaka. Mwenye faniyo ingine ya Saint-Éloi alete tulinganishe herufi, pembe, na namna É imeandikwa. Ya tatu ni ya tombola, maiyo ya majani matatu, Made in West Germany, namba 8 imeshonwa kwa mukono, ekipe haijulikani, alama kifuani ni muti na mutoni. Nimeuliza Wajerumani wa misioni, hawaijui. Mwenye kuijua aseme, na kama kuna mutu anakusanya ekipe ndogo za Ujerumani, naweza kubadilisha na tikiti yoyote ya stade ya Lubumbashi ya miaka ya 70, ata imepasuka, bora tarehe isomeke. Mabadilishano tunafanya uso kwa uso, kaye zote mbili mezani, kila mutu anaandika kilichotoka na kilichoingia, na habari ya kitu inanakiliwa kwanza, kisha kitu kinapita mukono.